Kadi ya Mgawo: Kwa Nini Serikali Hupima Sukari Wakati wa Vita

Kijana wa leo akisikia neno mgawo, anafikiria umeme uliokatika au ndoo zilizopangwa bombani. Wazazi wake wanafikiria sukari. Waulize waliokuwa wakilea familia Dar es Salaam, Mwanza au Tabora kati ya 1979 na 1984. Watakusimulia habari za duka la kaya, balozi wa nyumba kumi na daftari lake la majina, na mawe yaliyopangwa mbele ya duka tangu alfajiri, kila jiwe likimshikia mtu nafasi mpaka mlango ufunguliwe. Watakusimulia pia nguo zilizofuliwa kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na unga wa mahindi ya njano wa msaada ambao watu waliuita unga wa Yanga.

Kwa nini serikali yenye vita mkononi ijishughulishe na sukari ya mtu? Wengi hujibu kwamba bidhaa zimekwisha. Jibu hilo lina ukweli, ila halitoshi. Mara nyingi mgawo hutangazwa wakati ghala bado lina kitu, na nchi zilizongoja mpaka ghala liwe tupu zilichelewa. Tuangalie jinsi jambo lenyewe linavyokwenda, maana raia anayeelewa sababu za mgawo anajua lini autii, lini aulalamikie na nini adai.

Uingereza ndiko mgawo ulikodumu kwa muda mrefu na kuandikwa sana. Vita Kuu ya Pili ilipoanza Septemba 1939, nchi hiyo ilikuwa ikiagiza karibu theluthi mbili ya chakula chake kutoka nje, na chote kilikuja kwa meli. Nyambizi za Ujerumani zikaanza kuzizamisha meli hizo. Zilizobaki zilitakiwa zibebe kila kitu: ngano, nyama, mafuta, chuma, risasi, askari. Kila tani ya chakula ilishindana na tani ya silaha kwenye tumbo la meli ileile. Ndizi zinaeleza vizuri hali hiyo. Mwezi Novemba 1940 serikali ilizuia kabisa uagizaji wake. Mashambani ndizi zilikuwepo tele, lakini meli za kuzibeba zilikuwa na kazi nyingine. Watoto waliozaliwa miaka ile walikua bila kuijua ndizi.

Hapo ndipo wasomaji wengi hupotea njia. Bidhaa inayopimwa dukani huenda isiwe ndiyo iliyopungua. Marekani mwaka 1942 ilikuwa na visima vya mafuta vya kutosha, lakini mwishoni mwa mwaka huo petroli iliwekwa kwenye mgawo nchi nzima. Lengo lilikuwa kuokoa matairi. Japani ilikuwa imeziteka Malaya na visiwa vya Indonesia, kulikotoka sehemu kubwa ya mpira wa asili wa dunia, na jeshi lilihitaji matairi ya malori na ndege. Njia rahisi ya kumzuia mtu asimalize tairi lake ni kumpunguzia petroli. Kahawa nayo iliwekwa kwenye mgawo huko Marekani mwezi Novemba 1942, ingawa Brazili ilikuwa nayo ya kumwaga. Tatizo likawa lilelile, meli. Kwa hiyo mtu akiona dukani bidhaa imezuiwa na anajua fika kwamba inalimwa kwa wingi, asikimbilie kusema amedanganywa. Aulize kwanza inasafirishwa na nini, na chombo hicho kiko wapi sasa.

Sababu ya pili ni fedha, nayo huzungumzwa kidogo kuliko inavyostahili. Vita huleta kazi. Viwanda vya silaha huajiri usiku na mchana, vijana hulipwa mshahara wa jeshi, na wanawake huingia kwenye ajira. Mifukoni fedha zinaongezeka wakati madukani vitu vinapungua. Bidhaa zikiachiwa soko, bei itapanda mpaka wenye kipato kidogo washindwe. Hapo bei yenyewe imekwisha kugawa: imempa tajiri na kumnyima maskini, na hakuna aliyepiga kura kuamua hivyo. Kwa kawaida serikali huanza kwa kuzuia bei. Lakini bei ikizuiwa bila mgawo, shida inahama tu. Sukari ya bei ndogo itachukuliwa na aliyewahi foleni, au na mwenye nafasi ya kukaa foleni siku nzima, au na anayejuana na muuza duka. Mama anayefanya kazi mpaka jioni atakuta rafu tupu. Ndiyo maana nasema bei elekezi na kadi ya mgawo ni pacha. Ukimzaa mmoja ukamwacha mwingine, umezaa foleni.

Waingereza walilijua hilo kwa uchungu wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1917 foleni zilikuwa ndefu mijini na manung'uniko makali, na mgawo uliletwa 1918, vita ikiwa karibu kwisha. Safari hii hawakungoja. Tarehe 8 Januari 1940 nyama ya nguruwe ya kukaushwa, siagi na sukari viliingia kwenye kadi. Nyama nyingine ilifuata Machi, chai Julai, na mwaka 1941 ikaja zamu ya jibini na nguo. Mtu mzima alipata takriban gramu 57 za majani ya chai kwa wiki, na sukari kama gramu 227. Kwa taifa linalokunywa chai kama sisi wa pwani, kipimo hicho kiliuma.

Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa umefikiriwa vizuri. Kila mtu, hata mtoto mchanga, alikuwa na kitabu chake. Mwenye kitabu alijiandikisha kwenye duka moja, na duka lile lilipelekewa mzigo kulingana na idadi ya waliojiandikisha. Muuza duka mwenye wateja 300 alipata bidhaa za watu 300. Hivyo mteja aliyefika Ijumaa jioni alikuta fungu lake kama aliyefika Jumatatu asubuhi, na sababu ya kugombania mlango ikaondoka. Vitabu vilitofautiana rangi. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa na kitabu cha kijani, nao walipata maziwa kila siku na kutangulizwa kwenye matunda. Asiyekula nyama aliweza kuacha haki yake ya nyama akaongezewa jibini.

Mwishoni mwa 1941 ikaongezwa njia nyingine, ya pointi, kwa vyakula vya makopo na vingine ambavyo havikutosha kumpa kila mtu. Kila mmoja alipewa idadi ya pointi za mwezi, akazitumia kwa kitu alichopenda. Kilichogombaniwa sana kilipandishwa pointi, kilicholala kikashushwa. Mtu akabaki na uchaguzi wake, ila mwenye fedha nyingi hakupata pointi nyingi kuliko jirani yake.

Waziri aliyesimamia chakula tangu Aprili 1940, Lord Woolton, alitoka kwenye biashara ya maduka makubwa, na nadhani hilo lilimsaidia kuliko siasa. Sayansi nayo haikuachwa nyuma. Mjini Cambridge, Robert McCance na Elsie Widdowson walijaribu miilini mwao wenyewe na kwa wenzao wachache: walikula kwa miezi chakula kidogo kuliko kilichofikiriwa kutolewa, mkate na mboga kwa wingi, nyama na mafuta kidogo, kisha wakaenda kupanda milima ili kupima kama nguvu zimepungua. Hazikupungua. Serikali ikajua kwamba watu wataweza kufanya kazi. Mkate haukuwekwa kwenye mgawo vita nzima, wala viazi, ili tumbo liwe na cha kulijaza. Vita ilipokwisha, watoto wengi wa maskini walikuwa wanakula vizuri kuliko kabla yake, na vifo vya watoto wachanga vilikuwa vimepungua.

Jambo jingine lililoufanya mgawo ukubalike ni kwamba uligusa wakubwa. Mke wa Rais wa Marekani, Eleanor Roosevelt, alipofikia kwenye jumba la kifalme London mwaka 1942, alikuta chakula cha mgawo kimepakuliwa kwenye sahani za thamani, na kwenye beseni la kuogea kumechorwa mstari wa kuonyesha maji yasizidi hapo. Penye upungufu palikuwepo pia. Hoteli ziliendelea kuuza chakula bila kadi, na wenye fedha walikwenda kula huko, mpaka 1942 serikali ilipoweka ukomo wa shilingi 5 kwa mlo. Walanguzi walikuwepo, kama wanavyokuwepo kila mahali. Na mgawo haukufa na vita. Mkate ulioachwa huru vita nzima uliwekwa kwenye kadi Julai 1946, kwa sababu ngano ilikuwa adimu duniani na hata Wajerumani walioshindwa walihitaji kulishwa. Kadi ya mwisho, ya nyama, ilifutwa Julai 1954, miaka 9 baada ya amani.

Palipo na mzingiro, kadi huwa ndiyo uhai wenyewe. Katika mji wa Leningrad, Urusi, uliozingirwa na Wajerumani, kati ya Novemba 20 na Desemba 25, 1941, asiyefanya kazi na mtoto walipewa gramu 125 za mkate kwa siku, mkate wenyewe ukiwa umechanganywa na vitu visivyo unga. Aliyepoteza kadi mwanzoni mwa mwezi alikuwa kwenye hatari ya kufa kabla ya kupata nyingine. Hapo mgawo haukuweza kuokoa wote, maana hakuna kadi inayozaa chakula.

Sasa tazama mahali ambapo chakula kilikuwepo na kadi haikuwepo. Machi 1942 Wajapani waliuteka mji wa Rangoon, na mchele wa Burma ukakatika. Jimbo la Bengal, upande wa mashariki wa Uhindi iliyotawaliwa na Waingereza, lilikuwa likipokea sehemu ya mchele huo. Watawala wakaogopa kwamba Wajapani wataingia kwa pwani, wakaondoa akiba za mchele na kuharibu au kutwaa mashua za wanavijiji, zilezile zilizobeba vyakula na kutumika kuvulia samaki. Fedha za vita zikamiminika Calcutta. Wafanyakazi wa viwanda muhimu waliuziwa nafaka kwa bei nafuu kupitia waajiri wao, na bei ya mchele uliobaki ikaruka. Mwezi Machi 1943 serikali ya jimbo ikaacha hata kujaribu kuzuia bei. Vibarua wa mashambani, wavuvi na mafundi wa vijijini wakashindwa kununua. Watu kati ya milioni 2 na milioni 3 walikufa kwa njaa na maradhi yaliyoifuata. Amartya Sen, aliyekuwa mtoto huko wakati huo na baadaye akawa mchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, alionyesha kwamba mavuno ya mwaka ule hayakuwa mabaya kiasi cha kueleza vifo hivyo. Watu walikufa kwa kukosa uwezo wa kukifikia chakula.

Mchele ule wa Burma ulikuwa ukifika na kwetu. Zanzibar ilikuwa imezoea kuula, na ulipokatika, mgawo wa vita ulibisha hodi visiwani. Nguo nazo ziliadimika Afrika Mashariki, kwa sababu Japani, iliyokuwa ikituuzia vitambaa vya bei nafuu, ilikuwa sasa adui. Wakati huohuo mkonge wa Tanganyika ulipanda thamani ghafla, kwani Ufilipino na Java zilikuwa zimetekwa na kamba za meli zilihitajika. Lakini mgawo wa mkoloni ulikuwa na ubaya wake. Ulitazama asili ya mtu kabla ya kutazama njaa yake: Mwarabu na Mhindi walihesabiwa walaji wa mchele, Mwafrika akahesabiwa mlaji wa muhogo na mahindi. Kabila lililoandikwa kwenye kadi likawa na uzito wa pishi ya mchele. Kadi ya namna hiyo inawapanga raia madaraja, na jina la haki haliistahili.

Turudi kwenye yale mawe ya alfajiri. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Tanzania ililazimika kupeleka maelfu ya askari na mgambo upande wa pili wa nchi, na malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kwa kazi hiyo. Ni hesabu ileile ya meli za Uingereza: lori linalobeba askari kwenda Bukoba halibebi unga kwenda Tabora. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979, lakini gharama ilibaki mezani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, bei ya mafuta ilipanda tena duniani mwaka 1979, na fedha za kigeni za kununulia vipuri na malighafi hazikuwepo. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Mikanda ilifungwa kwa miaka.

Hapa natoa hukumu yangu, nikijua wapo watakaonipinga. Bei zilikuwa zimedhibitiwa kisheria, na kampuni za biashara za mikoa zilikuwa na jukumu la kusambaza bidhaa. Kilichokosekana ni uhakika wa kipimo. Duka la kaya lilifunguliwa mzigo ulipofika, na hakuna aliyejua utafika lini wala utakuwa na kilo ngapi. Kadi ya Mwingereza iliahidi kidogo na ikatimiza kila wiki. Kadi yetu ilimpa mtu haki ya kusimama foleni. Pengo hilo ndilo lililojazwa na vibali vya sukari ya harusi na ya msiba, na mlango wa nyuma, na walanguzi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako mkali wa wahujumu uchumi, na bidhaa zilizofichwa zikafichuliwa. Wengi mpaka leo wanamkumbuka kwa heshima kwa kazi hiyo, nami ni mmoja wao. Hata hivyo msako unatoa kilichofichwa. Hauwezi kutoa sabuni ambayo kiwanda hakikuitengeneza kwa kukosa malighafi. Rafu zilianza kujaa baada ya 1984, wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa.

Ikitokea siku mgawo ukatangazwa unapoishi, kwa vita au kwa janga jingine, msikilize mtangazaji kwa makini. Je, ametaja kiasi, bei, siku na mahali? Ametaja nani anaongezewa, kama wajawazito na wagonjwa? Amesema duka lako litapelekewa mzigo kwa hesabu gani? Mgawo usiojibu maswali hayo utageuka foleni ndani ya wiki chache, na ni haki ya raia kumwuliza diwani na mbunge wake mapema.

Usikimbilie dukani kwa uvumi. Chukua mji wenye kaya 100,000, kila kaya ikitumia kilo 2 za sukari kwa wiki, na maduka yana akiba ya wiki mbili, yaani kilo 400,000. Kila kaya ikienda leo kununua kilo 4 badala ya 2, jioni mji hauna sukari, wala hakuna meli iliyozama. Kuweka akiba ya unga, maharage, dagaa na chumvi wakati wa amani ni busara, maana duka lina muda wa kujaza tena. Petroli kwenye madumu ndani ya nyumba usiweke kamwe, hata uhaba uwe mkubwa kiasi gani. Nyumba zimeungua na watu wamekufa kwa sababu hiyo.

Kadi itunze kama cheti cha kuzaliwa. Usimwachie muuza duka, usiiweke rehani, na ikipotea toa taarifa siku hiyohiyo. Bidhaa ipimwe mbele ya macho yako, kwani mlanguzi wa kwanza mara nyingi ni mizani. Ukiona mzigo wa duka la mgawo unashushwa usiku kwa mlango wa nyuma, toa taarifa ukiwa na tarehe na saa, na ikiwezekana namba ya gari. Manung'uniko ya kijiweni hayamfikishi mtu popote.

La mwisho nalisema kwa kusisitiza, kwa sababu ndipo tulipokosea. Kaya ikihesabiwa kwa jina la baba mwenye nyumba, wanaoishi pembeni huachwa: dada wa kazi, mpangaji wa chumba cha uani, bibi aliyeletwa kutoka kijijini kutibiwa, mjane ambaye nyumba bado ina jina la marehemu. Mwandikishaji akipita mlangoni kwako, mtajie watu wote waliolala humo usiku uliopita, pamoja na mtoto aliyezaliwa jana, na usiongeze hata mmoja ambaye hayupo.